Walikufa njaa na chakula kimejaa: kisa cha vifaranga wa beta

Simu ya mpwa wangu iliingia Jumanne baada ya magharibi. "Mjomba, wamekwisha. Wote." Nikampa pole, kisha nikamwomba jambo moja tu: asimwage maji. Tangi libaki lilivyo, na waliokufa wabaki walipo, mpaka nifike kesho yake asubuhi. Mtu akipoteza samaki, mkono wake hukimbilia ndoo. Anataka kusafisha upesi asitazame tena. Lakini yale maji ndiyo shahidi pekee, na ukishayamwaga utabaki kubahatisha.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimekiona kikijirudia miaka mingi kwa wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Mombasa. Kuwafanya beta, wale samaki wadogo wapiganaji, watage si kazi kubwa. Joto letu linatosha, na dume akishajenga kiota chake cha mapovu mengine huenda yenyewe. Shida huanza siku vifaranga wanapoachana na kiota na kuanza kuogelea. Wiki ile moja ndiyo inayowamaliza, na mara nyingi mfugaji hulaumu kisichohusika: maji ya bomba, upepo wa usiku, jicho la mtu.

Daftari la hesabu

Mpwa wangu ana miaka 17, na alikuwa kwenye likizo ya Agosti. Jozi yake ya beta ndio wale samaki wapiganaji wa asili ya Thailand, nchi iliyowatangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa mwaka 2019. Tangi lilikuwa la lita 30, yeye akalijaza lita 12 tu, jambo zuri, kwa kuwa kina kifupi humpunguzia dume safari anapookota mayai yanayodondoka na kuyarudisha kwenye mapovu.

Kijana ana tabia moja nzuri: anaandika. Nyuma ya daftari lake la hesabu nilikuta kila kitu. Jike alitaga Jumamosi adhuhuri. Jumatatu alfajiri mayai yalikuwa yameanguliwa, vifaranga wananing'inia chini ya kiota, mikia chini, kama nyuzi fupi za kitani. Jumatano wakaanza kuogelea kimlalo, wametulia sawa majini, naye akamtoa dume siku hiyohiyo. Hapo hakukosea popote. Kisha zinafuata hesabu zake za macho:

Alhamisi, wengi, kama 200. Jumamosi, kama 150. Jumapili, 90. Jumatatu, 60. Jumanne asubuhi, 11. Jumanne jioni, sifuri.

Kwenye ukurasa wa pili kuna chakula. Alichemsha yai, akatoa nusu ya kiini, akakiponda ndani ya glasi ya maji, akakipitisha kwenye kichujio cha chai. Kijiko kimoja cha chai mara tatu kwa siku. Juu yake akaongeza chakula cha dukani cha samaki wakubwa, alichokisugua kwa vidole mpaka kikawa unga. Na alianza kulisha Jumatatu, siku ileile mayai yalipoanguliwa.

Nilichokiona tangini

Kabla sijatazama, nilinusa. Maji yenye samaki wachanga wazima yananukia kama udongo uliolowa. Yale yalikuwa na harufu ya yai lililolala, na juu yalitanda utando mwembamba uliokatika vipande nilipoupuliza. Nilichukua mrija nikauburuta taratibu chini ya tangi. Ukaja tabaka la rangi ya maziwa, laini, linainuka kwa pamoja kama malai. Hicho kilikuwa kiini cha yai cha siku tisa. Mpwa wangu alishangaa: yeye alidhani kimeliwa.

Nilivuta tone la maji chini nikaliweka kwenye kisahani cheupe, pamoja na vifaranga kadhaa waliokufa, nikampa lenzi ya kukuzia atazame mwenyewe. Nilitaka aone matumbo. Kifaranga aliyeshiba tumbo lake hutokeza kama punje chini ya kifua, na hubeba rangi ya alichokula. Hawa matumbo yalikuwa yamebonyea, mwili umekuwa kichwa na uti tu. Tukawahesabu 20. Waliokuwa na chochote tumboni walikuwa wawili.

Kisha nikachukua kadi nyeusi, nikadondosha tone la mchanganyiko wake wa kiini, nikalaza kifaranga mmoja kando yake. Punje nyingi za kiini zilikuwa kubwa kuliko jicho la kifaranga. Mdomo ni mdogo kuliko jicho. Hapo hakuna kilichohitaji kuelezwa tena, kijana aliinua uso akasema, "Mjomba, ni kama nimempa mtoto mchanga mkate wa bofulo mzima."

Nilikuwa nimebeba chupa yangu ya kupimia amonia, ile sumu inayotoka kwenye uozo. Rangi iligeuka kijani kilichokolea, mahali ambapo tangi la vifaranga linapaswa kubaki njano.

Vifo viwili, si kimoja

Ukizisoma hesabu za daftari, utaona mteremko wenye hatua mbili. Kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu wanapungua pole pole, kundi baada ya kundi. Usiku wa Jumatatu wanaanguka kwa mkupuo, 60 hadi 11. Vifo hivyo haviko sawa, na kuvichanganya ndiko kunakowafanya watu watibu kisichougua.

Ule mteremko wa kwanza ni njaa. Kifaranga wa beta huzaliwa na kifuko cha kiini tumboni, na kwa siku mbili tatu anaponing'inia hahitaji chochote kutoka nje. Kifuko kikiisha ndipo anapoanza kuogelea, na saa hiyohiyo lazima awinde. Nasema awinde kwa sababu ndivyo ilivyo. Samaki mchanga hutambua chakula kwa mwendo wake: kitu kidogo kinachojisogeza mbele ya macho humfanya akunje mwili, alenge, arukie. Punje iliyolala chini ya tangi kwake ni mchanga. Tena utumbo wake bado ni bomba fupi lisilo na tumbo lililokamilika, haliwezi kuvunja chakula kikavu kama awezavyo mkubwa wake. Kwa hiyo alizungukwa na kiini cha yai, asikione kuwa chakula, na akikiona hakiingii mdomoni.

Kuna jambo jingine linaloumiza hapa. Mwaka 1963 wanasayansi Blaxter na Hempel, wakichunguza vifaranga wa samaki wa baharini aina ya heringi, walieleza hatua ambayo kifaranga mwenye njaa akishaivuka harudi tena: bado yu hai, bado anaelea, lakini hana nguvu ya kula hata umletee chakula bora kiasi gani. Ndiyo maana mpwa wangu alipoongeza kiini siku ya Jumapili, akidhani amewapa kidogo, hakuokoa hata mmoja. Wengi wa wale 90 walikuwa wameshapita.

Mteremko wa pili ni sumu. Kiini kinachooza hutoa amonia, na katika maji ya joto amonia hiyo huzidi kuwa kali. Lita 12, nyuzi 28, chujio hakuna, mimea hakuna, konokono hakuna. Kile kijiko alichokiongeza Jumapili ndicho kilichofunga hesabu Jumatatu usiku.

Mpwa wangu aliuliza kama dume hakuwala. Angewala, wangepungua kabla ya Jumatano, sio baada ya yeye kutolewa. Akauliza juu ya maji ya bomba. Aliyaacha wazi siku mbili ndani ya beseni kabla ya kuyatumia, na jike aliyeishi kwenye maji hayohayo chupa ya pili alikuwa mzima na anakula.

Kuna kosa ambalo si lake. Wiki mbili kabla, nilimwambia kwa simu kwamba tangi la kuzalishia liwe safi kabisa. Nilimaanisha lisiwe na sabuni wala masalio ya dawa. Yeye akasugua kioo mpaka kikang'aa, akatoa majani ya maji, akatoa konokono, akamwaga maji ya zamani. Lilikuwa tangi lisilo na kiumbe hai hata kimoja cha kuwindwa. Tangi lililokaa miezi na majani yake huwa na vijidudu vya kumshikilia kifaranga siku ya kwanza na ya pili. Neno langu moja liliwanyima hicho, na nimejifunza kutamka jambo hili kwa ukamilifu wake tangu siku hiyo.

Wiki tano kabla ya yai

Tulikubaliana kwamba jozi haitakutanishwa tena mpaka chakula cha vifaranga kiwe kinaishi ndani ya nyumba. Alikubali upesi, aliyeweka sharti ni dada yangu, mamake, kwamba hakuna kopo lolote litakalonuka jikoni kwake. Vyote vikahamia ukumbi wa nyuma, kwenye rafu chini ya dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja.

Cha kwanza kilikuwa minyoo ya siki, kwa kuwa ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko vyote. Ni minyoo myembamba mno, urefu wake milimita moja hadi mbili na wembamba kuliko unywele wa farasi, inaishi ndani ya siki. Nilimpa kianzio kutoka kwangu, robo ya chupa. Akachanganya siki ya tufaha na maji nusu kwa nusu, akatia vipande vichache vya tufaha, akafunika kwa kitambaa, akaiacha. Baada ya wiki nne, ukiiweka chupa mbele ya tochi gizani, unaona siki yote inatetemeka.

Ugumu wa minyoo hii ni kuitoa bila siki, maana siki ikiingia tangini utaua uliotaka kuwalisha. Njia yake inanifurahisha kila nikiiona. Chukua chupa yenye shingo ndefu, ijaze siki yenye minyoo mpaka chini ya shingo. Sukuma kipande cha pamba ya sufi kiguse ile siki, kisha mimina maji safi ya tangi juu ya pamba. Iache usiku kucha. Minyoo hutafuta hewa, nayo hewa iko juu, kwa hiyo hupenya pamba mmoja mmoja hadi kwenye maji safi. Asubuhi unakuta wingu jeupe shingoni mwa chupa. Unalivuta kwa bomba la sindano, siki inabaki chini ya pamba. Mpwa wangu alikaa mbele ya chupa ile saa nzima usiku wa kwanza, tochi mkononi.

Thamani yake kwa vifaranga ni kwamba minyoo ya siki haizami. Huogelea katikati ya maji mchana kutwa na hata kesho yake bado hai, ikimpitia kifaranga mbele ya macho. Kwa wiki ya kwanza sijapata kitu kinachosamehe makosa kama hicho.

Cha pili kilikuwa infusoria, yaani vile vijidudu vinavyozaliwa kwenye maji ya mloweko. Hapa Pwani tumepewa kitu ambacho wafugaji wa nchi za baridi hukinunua kwa pesa: majani makavu ya mkungu. Mkungu ndio ule unaotupa kivuli mitaani na kutuangushia kungu, na majani yake makavu hutumiwa na wazalishaji wa beta wa Asia ya Kusini-Mashariki kwa sababu hutia maji rangi ya chai na kuyafanya laini kwa samaki hawa. Yakianza kulainika, huota juu yake ulimwengu mzima wa vijidudu. Mtungi wa lita tatu, maji ya tangi la zamani, jani moja la mkungu na kipande cha ganda la ndizi ukubwa wa kidole gumba. Kwa siku mbili tatu maji huwa meupe na kunuka. Hao ni bakteria, na mtu asiyejua humwaga akidhani yameharibika. Subiri. Siku ya nne au ya tano maji hujisafisha yenyewe, harufu hukatika, kwa kuwa vijidudu vikubwa zaidi vimezaana na kuwala bakteria. Inua glasi dhidi ya karatasi nyeusi: ukiona vumbi jeupe linalokwenda kila chembe upande wake, limekuwa tayari. Likizunguka pamoja na maji, bado ni vumbi.

Mtungi huo ufunikwe kwa kitambaa. Nalisisitiza hili kwa sababu Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengi, ule wa mwaka 2017 ukiwamo, na mbu wake hutaga kwenye maji ya makopo kama hayo. Kuna wafugaji wanaoweka ndoo wazi makusudi wapate viluwiluwi vya mbu. Ni chakula kizuri kwa samaki mkubwa, lakini kwa kifaranga ni kikubwa mno, na ndoo moja uliyoisahau siku nane imeshalisha mtaa mbu. Mimi siifanyi, wala siwashauri wengine.

Cha tatu, minyoo ya uji. Uji mzito wa shayiri ndani ya kopo la mtindi, chembe ya hamira juu, kianzio kijiko kimoja, matundu kwenye kifuniko. Kwa joto letu, siku ya tano inapanda ukutani mwa kopo na unaifuta kwa kidole. Joto hilohilo huufanya uji uchachuke mapema, kwa hiyo kila baada ya siku kumi anzisha kopo jipya. Hii huzama chini, na vifaranga wa beta siku za mwanzo hukaa juu; inafaa kuanzia wiki ya pili, kidogo kidogo.

Atemia

Hiki ndicho kinachomgeuza kifaranga kuwa samaki. Atemia ni kamba wadogo wa maji ya chumvi kali, ndugu wa mbali wa uduvi, ambao mayai yao hukauka na kukaa miaka, kisha huanguliwa yakipata maji ya chumvi. Alvin Seale, wa Steinhart Aquarium, jumba la kuonyeshea samaki kule San Francisco, aliandika mwaka 1933 juu ya kuwalisha samaki wachanga kwa watoto wa atemia, na tangu hapo vituo vya kutotolesha samaki na kamba duniani vimewategemea. Mayai mengi yanayouzwa huvunwa Great Salt Lake, jimbo la Utah, Marekani. Lakini hata kwetu wapo: mabwawa ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi, pande za Gongoni, yalipandikizwa atemia miaka ya 1980.

Mtoto wa atemia aliyetoka yaini ana karibu nusu milimita. Kifaranga wa beta mwenye nguvu anaweza kummeza hata siku ya kwanza, mdogo hawezi. Ndiyo maana hatukumtegemea peke yake.

Hatukununua chumvi. Mpwa wangu alichota maji ya bahari yanapojaa, mbali na mifereji, akayachuja kwa kitambaa, akachanganya vikombe vinne vya bahari na kimoja cha maji matamu. Chupa ya soda ya lita mbili ikakatwa kitako, ikageuzwa kifuniko chini, mrija wa pampu ya hewa ukafika mpaka chini kabisa, nusu kijiko cha chai cha mayai kwa lita moja. Taa ikawaka juu yake. Baada ya saa 24 zima hewa, ngoja dakika kumi: maganda hupanda juu, mayai yaliyokufa huzama, na watoto hukusanyika upande wenye mwanga, wekundu wa machungwa, kama rangi iliyomwagika. Wavute hapo tu. Ganda likiingia utumboni mwa kifaranga huziba. Wasuuze kwa maji matamu, uwalishe upesi, kwa kuwa kila saa inayopita wanakula akiba yao wenyewe na kupungua mafuta. Na uwape kidogo, maana ndani ya maji matamu hawaishi zaidi ya saa chache, na atemia aliyekufa huoza kama kiini cha yai.

Mara ya pili

Jike alitaga mwanzoni mwa Oktoba. Safari hii tangi lilikuwa na maji ya zamani, jani la mkungu, bunda la majani ya maji na konokono watatu. Vifaranga walipoanza kuogelea aliwakadiria 180 kwa kupiga picha ya robo ya tangi na kuzidisha. Siku mbili walipokuwa wananing'inia hakuwapa kitu, na najua ilimgharimu. Alinipigia mara tatu kuuliza kama hawana njaa.

Siku ya kuogelea wakapata glasi ya infusoria asubuhi na jioni, na minyoo ya siki mara mbili. Taa hafifu iliachwa usiku ili waendelee kuwinda. Siku ya nne atemia ikaongezwa. Jioni ile alinitumia picha: chini ya vifua vya vifaranga kumejaa vitone vya rangi ya machungwa. Wale wenye matumbo meupe bado walikuwa kwenye minyoo, na wakaachiwa minyoo yao.

Siku ya tisa umeme ulikatika saa tano za usiku, ukarudi kwa adhana ya alfajiri. Pampu ilisimama na atemia wote wakafa kwa kukosa hewa. Rangi yao ilikuwa bado nzuri, na alitaka kuwatumia kwa kuwa walikuwa wengi. Nilimwambia anuse. Akamwaga. Siku mbili zile vifaranga waliishi kwa minyoo ya siki, isiyojua umeme, na hesabu haikuteremka.

Kila siku alifyonza sakafu ya tangi kwa mrija mwembamba wa hewa, maji yakiangukia kwenye beseni jeupe ili waliovutwa kwa bahati mbaya waonekane na kurudishwa. Maji mapya yaliingia kwa matone. Tangi lilifunikwa kwa nailoni wakati wote, kwa sababu beta, kati ya wiki ya tatu na ya sita, hukuza kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na hewa hiyo ikiwa kavu au ya baridi huwaua. Chujio la sponji liliwekwa wiki ya pili, likitoa povu moja moja.

Hakuokoa wote. Siku ya sita walikuwa kama 130. Ule upungufu wa kwanza ulikuwa wa wale wadogo kabisa, waliozaliwa dhaifu, na sidhani kama kuna chakula kingewashika. Siku ya 14 walikuwa 110. Siku ya 30 aliwahesabu mmoja mmoja kwa kikombe, wakawa 86.

Yai likarudi

Sitaki msomaji aondoke akidhani yai ni adui. Kwenye bwawa kubwa lenye maji mengi na viumbe wa kusafisha, kiini kimekuza vifaranga wengi sana wa samaki wa dhahabu. Ndani ya beseni la lita 12 ni hatari, na atakayelazimika kukitumia asizidishe kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kwa siku, akipitishe kwenye kitambaa cha pamba badala ya kichujio, na afyonze sakafu jioni hiyohiyo.

Wiki ya tano, vifaranga wakiwa na matumbo kamili, yai lilirudi kwa sura yake nzuri. Dada yangu ndiye aliyelipika. Uduvi mkavu nusu kikombe, aliouloweka na kuuosha mara tatu utoke chumvi, akausaga laini, akaupiga pamoja na yai moja zima, akauchemsha kwa mvuke mpaka ukashikana kama keki nyembamba. Ukipoa unakatwa vipande, unafungwa kwenye nailoni na kugandishwa. Asubuhi mpwa wangu hukwangua kidogo kwa kisu, kikaelea, wakakigombania. Kinachobaki baada ya robo saa anakitoa. Yai lililochemshwa na uduvi wake haliyeyuki majini kama kiini kitupu, na hiyo ndiyo tofauti yote. Atemia iliendelea mara moja kwa siku mpaka wiki ya saba.

Walipoanza kutunisha mapezi wakitishana, madume 31 yalitengwa kila mmoja kwenye chupa yake, majike yakabaki pamoja. Nilipokwenda mara ya mwisho ukumbi wa nyuma ulikuwa umejaa chupa, na makopo ya uji yameoshwa na kurudishwa jikoni. Chupa moja ya siki tu ilikuwa bado nyuma ya rafu, imefunikwa kitambaa chake, haijaguswa kwa miezi miwili. Mpwa wangu alizima taa akaimulika kwa tochi. Siki yote ilikuwa inatetemeka.